Ringi za Toyota kwenye Morris Minor

Mwenye swali, Ng'ambo:
Assalamu alaykum. Je, Morris Minor yenye ringi za chuma za inchi 14 inaweza kufungwa ringi za aloi za Toyota zenye matundu 4?

Jibu:
Waalaykumu salaam. Usithubutu, ndugu yangu. Duara linalopita katikati ya matundu ya nati ya Morris lina kipenyo cha milimita 101.6, na la Toyota ndogo nyingi ni 100, kwa hiyo nati zitaingia kwa kulazimishwa, zitakaa upande, kisha zitalegea barabarani.

Jibu, Chake Chake:
Ni kweli. Ukipata ringi za kipimo sahihi, vika tairi za 155/80 R14 (upana milimita 155, za ringi ya inchi 14), ukate usukani mpaka mwisho pande zote mbili, uhakikishe hazigusi madigadi. Mie ningebaki na chuma. Hushika kutu, lakini husuguliwa kikapakwa rangi.