Mwongozo wa kompyuta ulioandikwa na watu wa kujitolea: nauhariri vipi bila kuwakimbiza waandishi?

MkaaWete
Assalaam alaykum wanajukwaa. Naomba ushauri kwa mwenye uzoefu wa uhariri au wa kompyuta, na mwenye vyote viwili ndiye khasa ninayemtafuta.

Hapa Pemba kuna walimu wa skuli na vijana wanaandika mwongozo wa LibreOffice (zile programu za ofisi za bure) kwa Kiswahili, utumike kwenye vyumba vya kompyuta. Hakuna anayelipwa. Kila mtu kachukua sura yake: mmoja Writer ya kuandikia, mwengine Calc ya majedwali na hesabu, mwengine Impress ya slaidi. Mie kompyuta naijua ya kuchapia tu, lakini kwa kuwa niliwahi kusoma prufu, zote wamenitupia "nizinyooshe".

Sasa tabu ni hii. Wa Writer anaandika kama anahutubia: "mtumiaji anapaswa kuhakikisha kwamba..." Wa Calc anaamrisha, wa Impress anasimulia. Sura ya Writer niliirejesha imejaa wekundu wa masahihisho na mwenyewe kanyamaza kimya. Kwenye grupu hajibu, na sura yake ya pili haijaja. Wenzangu wanasema niandike upya tu, yaishe. Kazi yangu inaishia wapi?

FundiDarajani
Waalaykum salaam. Kabla hujagusa nukta wala mkato, kaa na kompyuta ufanye kila hatua kama ilivyoandikwa, usijazie kitu kutoka kichwani. Weye kutoijua sana kompyuta ni bahati yao. Utakuta imeandikwa "chagua chati" na hakuna aliyesema uanze kwa kuteua data. Kwa kusoma tu huwezi kuliona hilo, maana sentensi ni safi kabisa.

Angalia na toleo. Waandishi wa kujitolea hukopa sana maelezo ya zamani. Zamani safu za Calc zilikuwa 1,024, ya mwisho ikiitwa AMJ. Tangu toleo la 7.4 la mwaka 2022 ni 16,384 na ya mwisho ni XFD. Ukikuta sura inataja AMJ, basi isome yote kwa shaka. Na ukiona "toleo la 24.2", tafadhali usiligeuze 2.4! Baada ya 7.6 walihamia kuhesabu kwa mwaka na mwezi.

Jengine ambalo nyie watu wa prufu mnaliharibu kwa nia njema: alama za kunukuu. Writer huzipinda yenyewe unapoandika, na kwenye maelezo zinapendeza. Ndani ya fomula ni balaa. Mwanafunzi akinakili =IF(B2>=50;"Kafaulu";"Kafeli") yenye alama zilizopinda, Calc inamletea kosa na atadhani yeye ndiye hajui. Zima upindaji huo kwenye Tools, AutoCorrect Options, kisha Localized Options. Na hiyo nukta mkato usiibadilishe kwa mazoea ya uandishi, ijaribu kwanza kwenye mashine.

Majina ya menyu nayo yaache kama yanavyoonekana kwenye skrini za skuli. Mashine ikionesha Insert na kitabu kikasema Chomeka peke yake, mtoto ataitafuta mpaka kengele igonge.

MharirMstaafu
Fundi kasema kweli. Mie naongeza upande wa lugha.

Andikeni kanuni za nusu ukurasa kabla ya sura nyengine kuja: msomaji anaambiwa "bofya", "andika", "chagua", moja kwa moja, na kitendo kimoja kiwe na neno moja kitabu kizima. Kanuni zikishatoka kwenye kikundi, ukimrekebisha mtu haoni kwamba weye ndiye unayemrekebisha.

Kuhusu wekundu, pita mara mbili. Mara ya kwanza sahihisha herufi, nafasi na nukta, yakubali hayo mwenyewe, na umwambie umefanya hivyo. Kisha fungua Edit, Track Changes, Record, ili kila badiliko lionekane, ndiyo ushike yanayogusa maana. Atakayoyaona ni machache, na kila moja lina sababu. Ukisahau kuwasha, Compare Document ya kulinganisha na nakala ya awali iko palepale kwenye menyu hiyo.

BintiMkoani
Mie nasema kama mwandishi. Nilipoandikia mradi kama huo, kilichoniuma ni kwamba mhariri hakuniuliza hata neno moja. Mtu halipwi. Malipo yake ni jina lake na kuona maneno yake yamebaki. Mpigie simu, usimuandikie, na umuulize kitu ambacho yeye ndiye anayekijua: "hapa ulikusudia mtindo wa aya au wa herufi?" Atafunguka.

Bumbwini_Moja
Mnabembelezana sana. Atakayekisoma ni mtoto wa skuli, hana habari na hisia za mwandishi. Sura mbovu iandikwe upya.

MharirMstaafu
Ndugu yangu, LibreOffice hutoa toleo kubwa karibu kila miezi sita. Ukimuandikia upya leo, picha za skrini zikichakaa atazibadilisha nani? Mwandishi aliyekimbia harudi kwa ajili ya toleo jipya. Sura yenye sentensi nzito lakini mwenyewe yupo, mie naichagua.

Bumbwini_Moja
Hapo sawa. Lakini hatua ikiwa ya uongo, msimbembeleze.

FundiDarajani
Hapo hakuna ubishi. Halafu ukikutana na ukurasa ulionyooka ghafla kuliko anavyoandika mwenyewe siku zote, muulize kautoa wapi. Miongozo rasmi ya LibreOffice inaruhusu kunakiliwa na kufasiriwa kwa leseni ya CC BY 4.0, sharti waliotangulia watajwe. Watajeni mwanzoni mwa kitabu.

MkaaWete
Ahsanteni sana. Namuita wa Writer baada ya sala ya Ijumaa, tukae na mashine moja tuzifanye hatua pamoja. Sura ya Base, ile ya hifadhidata, haina mtu bado. Kuna anayejitolea?

BintiMkoani
Base? Nimesafiri.

FundiDarajani
Kabla hujamtafuta wa Base, angalia kama mashine za skuli zina Java, programu ya pembeni ambayo Base huitegemea. Hifadhidata yake ya ndani, iitwayo HSQLDB, haifunguki bila hiyo, na mwandishi atakuwa anaeleza madirisha ambayo mwanafunzi hayaoni.