Kombania ya mazimwi: koplo awaongoze vipi kicheko kisife?

MlinziWaZamu:
Wakuu, habari za jioni. Nalinda ghala usiku hapa Tanga, na huu mwezi wa nne naandika hadithi kwenye kaunta buku. Koplo Mashaka amepewa kombania ambayo hakuna ofisa aliyemaliza nayo wiki. Yumo zimwi mwenye mdomo wa pili kisogoni, kibwengo anayesimama ndani ya ndoo ya maji ya bahari, ruhani asiyeonekana, na nunda, yule paka mla watu wa hadithi za kale.

Gwaride la kwanza koplo anaamuru, "Kutoka kulia, hesabu!" Zimwi anasema "moja" kwa mdomo wa mbele, kisogo kinadakia "mbili". Ruhani hataki kutaja namba mpaka afukiziwe ubani. Mpwa wangu wa miaka tisa alicheka hadi akamwaga uji.

Lakini sura ya tatu koplo anafoka, wote wanatii. Mtoto akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mjomba, kwani hawa bado ni mazimwi?" Swali hilo limeniganda. Nataka wawe jeshi kweli, wasigeuke watu. Nishaurini. Sura ya tano namleta popobawa, yule shetani anayesemwa huvamia watu usiku vitandani.

Kuruta_wa_Zamani:
Mkuu, kwanza koplo ni wa seksheni. Kombania ni ya meja au kapteni, kwa hiyo tueleze wakubwa wamekwenda wapi. Labda wote wameomba ruhusa ya ugonjwa siku moja.

Nilipita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Hangani kwetu alikuwepo kijana asiyepata usingizi, usiku kucha anazunguka kati ya vitanda, tunaamka tumechoka. Afande hakumfokea. Alimpa lindo la saa nane usiku hadi alfajiri. Tukalala, na yeye akawa mlinzi bora kuliko sote. Fanya hivyo. Midomo miwili ya zimwi ipitishe amri, mmoja mbele na mwingine nyuma, kombania nzima isikie kwa mara moja. Kibwengo mpe doria ya pwani.

BintiTumbatu:
Kaka, nunda usimlete akiwa mkubwa tayari. Bibi alitusimulia kuwa alianza kama paka wa sultani. Akila kuku, sultani anasema paka wangu, kuku wangu. Akila mbuzi, vilevile, mpaka akawala wana wa sultani. Basi aingie akiwa paka wa jikoni, na kila sura mpishi aripoti kilichopungua.

Popobawa nakuomba umtoe. Mwaka 1995 huku Zanzibar watu walilala nje kwa makundi, moto umewashwa, wazima wanaogopa kuingia vyumbani mwao. Nilikuwa mdogo, nalala mapajani kwa mama, naye hafumbi macho. Wengi tuliokuwepo tuko hai na tunasoma.

Mchukuzi:
Na ile ya zimwi likujualo halikuli likakwisha? Siku ya kwanza koplo amuulize zimwi: ukinila, utabakiza nini?

MlinziWaZamu:
Dada, popobawa nimemfuta, na pole kwa usiku ule. Mchukuzi, swali lako nalichukua, ndilo litakalofungua sura ya kwanza.

Afande, sura ya tatu nimeiandika upya jana kwenye lindo. Koplo hamwambii tena zimwi afunge mdomo. Anazunguka nyuma yake, anasimama wima, anasema, "Wa kisogoni, pokea amri." Kisogo kinajibu, "Ndiyo afande," mara ya kwanza tangu kizaliwe kuitwa kwa heshima. Mpwa anakuja Jumamosi.