Hatchet au Island of the Blue Dolphins? Naagiza kimoja tu

Tegemeo_
Wakuu habari zenu. Nataka kumnunulia mtoto wa dada yangu riwaya ya vijana, zile za kunusurika porini, bajeti inabeba kimoja tu. Nimebaki na Hatchet ya Gary Paulsen na Island of the Blue Dolphins ya Scott O'Dell. Kipi kikali? Naagiza leo leo.

Mama_Kurasa
Ana miaka mingapi? Wa kike au wa kiume? Anasoma kwa hiari au mpaka asukumwe? Unaandika kama vile sote tunamjua.

KobeMzee
Hatchet, hapo hamna mjadala. Ya 1987 na bado inatamba. Brian ana miaka 13, rubani anapata mshtuko wa moyo angani, ndege inaangukia ziwani huko Kanada, dogo amebaki na kishoka alichopewa na mama yake. Siku 54! Sura fupi, hata mvivu anamaliza.

Siti_B
Siku 54 ndo mnapigia makofi? Karana wa Island of the Blue Dolphins kakaa kisiwani miaka 18. Na hakutungwa hewani, kuna mwanamke kweli aliachwa kisiwa cha San Nicolas, California, mwaka 1835 akaja kuchukuliwa 1853. Kwao mwanamke hatengenezi silaha, basi anakaa anajiuliza pepo za pande nne zitamvamia? ardhi itatetemeka? Halafu anatengeneza tu. Brian anamfikia wapi.

KobeMzee
Miaka 18 sawa dada, ila kinavyojikongoja na msomaji anaizeekea humo humo 😂

Nahodha_Nchikavu
Mkuu kabla hujalipa hakikisha ni toleo kamili. Mimi niliagiza Hatchet kwa muuzaji mmoja mtandaoni, simtaji, tangazo halikusema lolote, kimefika chembamba nikasema labda maandishi madogo, kufungua kumbe kimefupishwa kwa wanaojifunza Kiingereza na wamekata mle mle penye utamu, ile nungunungu anaingia pangoni usiku Brian anarusha shoka gizani linagonga ukuta wa jiwe cheche zinaruka na yeye wala hazimwingii akilini, mpaka baadaye ndo anashtuka kwamba moto ulikuwa pale, anajaribu nyasi kavu wapi, anachana noti ya dola 20 wapi, mpaka anapata gome la mti analichambua nyuzi nyuzi kama nywele anapuliza taratibu. Kwangu yote hayo yamekuwa "akawasha moto". Basi. Namwandikia muuzaji ananijibu hadithi si ni ile ile. Hela hakurudisha na maoni yangu kwenye ukurasa wake akafuta.

LenziPevu
Afadhali moto wa Brian una maelezo. Kwenye riwaya ya Lord of the Flies watoto waliokwama kisiwani wanawasha kwa miwani ya mwenzao Piggy, na Piggy haoni mbali. Lenzi ya asiyeona mbali imebonyea katikati, inatawanya mwanga, moto unatoka wapi?

KobeMzee
Riwaya hiyo kaka, acha ujuaji.

LenziPevu
Ujuaji gani, riwaya ya kunusurika ikikosea moto imebaki na nini? Hata cheche za shoka zinataka jiwe gumu, gumegume au jamii yake, sio kila ukuta wa pango.

Tegemeo_
Samahani nilibanwa na kazi. Ni wa kike, miaka 11, anapenda wanyama mno. Kiingereza bado anakokota.

Mama_Kurasa
Si ungeanza na hayo! Basi chukua My Side of the Mountain ya Jean Craighead George. Sam anahamia milima ya Catskill, anaishi ndani ya shina la mti, anamfuga kozi na kumfundisha kuwinda.

Tegemeo_
Jamani nimekuja na viwili mnaniongezea cha tatu??

Siti_B
Wanyama? Karana ana mbwa wake Rontu, alikuwa adui kabisa akaja kumfuga. Ila mdogo wake Karana anauawa na mbwa wa porini mapema tu, mwambie dada yako asije akashtuka.

KobeMzee
Na ukienda na Hatchet, ina vitabu vya mwendelezo: Brian's Winter isome ukijua inachukulia kwamba Brian hakuokolewa ile siku ya 54. The River yenyewe inaendelea na aliyeokolewa.

Tegemeo_
Kwahiyo anaokolewa. Asante kwa kunimalizia kitabu.

LenziPevu
Hakuna aliyenijibu la miwani.