Naomba ushauri: watoto wanaandika "anaimba mzuri"

Habari zenu walimu na wazazi. Nafundisha Kiswahili darasa la tatu, na neno "vizuri" linanisumbua kuliko nilivyotarajia. Watoto wameshashika upatanisho: mtoto mzuri, kiti kizuri, kalamu nzuri. Sasa wanaupeleka hadi kwenye kitenzi, nakuta daftarini "Asha anaimba mzuri" na "Kalamu inaandika nzuri". Kwa kweli wanafuata kanuni, ndiyo maana sipendi kuwawekea mkasi tu na kupita. Kinachowachanganya zaidi ni sentensi kama "Viti vizuri vimepangwa vizuri".

Nimejaribu vitendo: mmoja anafagia, wenzake wanaeleza anafagiaje. Kwa mdomo wanajibu sawasawa, "anafagia vizuri", lakini wakishika kalamu wanarudi kulekule.

Wenzangu, nianze na "haraka" na "polepole", maneno yasiyobadilika, ndipo nije kwenye "vizuri" na "vibaya"? Na kwa umri huu niwatajie jina "kielezi", au swali la "vipi?" linatosha? Mwenye zoezi la kuandika lililomsaidia naomba anielekeze, mtihani wa muhula umekaribia.