Kikokotoo cha bazalti hakipimi Oldoinyo Lengai, mtanielewa lini?

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, damu inachemka. Modi, tafadhali uzi huu msiuunganishe na ule wa mikopo ya wanafunzi.

Iko hivi. Nina vitone vya kioo, yaani magma iliyoganda, vilivyonaswa ndani ya fuwele za nefelini (madini yenye sodiamu nyingi), kutoka kwenye majivu ya mlipuko ulioanza 2007 wa Oldoinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania. Ukipima maji na hewa ukaa iliyomo, unakadiria mgandamizo, na hapo unajua magma ilikaa kina gani. Mtahini wa utafiti wangu anataka namba: "Kilomita ngapi?" Nikamwambia modeli zilizopo haziwezi kunipa namba ya kuaminika. Akasema huo ni uvivu. Uvivu! Mimi niliyekaa miezi minne nang'arisha punje zisizofika milimita moja!

Haya, tuelezane. Maji yakiingia kwenye magma, mengi yake huvunjika kuwa haidroksili (vipande vya OH), hivyo kiasi kinachoyeyuka hufuata takriban kipeuo cha pili cha mgandamizo. Zidisha mgandamizo mara nne, maji yanaongezeka kama mara mbili tu. Hewa ukaa ina tabia nyingine. Kwenye bazalti, mwamba wa kawaida wa volkano, hugeuka kaboneti na kupanda karibu sambamba na mgandamizo, ila ni bahili kweli: kwenye baa 1,000 (baa moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa usawa wa bahari), yaani kilomita tatu na nusu hivi chini ya ardhi, zinayeyuka kama sehemu 500 kwa milioni. Maji hapohapo yanafika asilimia tatu hivi.

Sasa kaboneti inapenda sana kalsiamu, sodiamu na potasiamu. Na sodiamu ndiyo kwao Lengai! Ni volkano hai pekee duniani inayotema lava ya kaboneti, inatoka nyeusi na baada ya siku chache imeshakuwa nyeupe. Vipimo vya nefeliniti yake, yaani magma yenye nefelini nyingi, vilivyochapishwa 2013 vilikuta hewa ukaa kuanzia karibu asilimia tatu hadi zaidi ya nane. Asilimia, wakuu, si sehemu kwa milioni.

Chukua hiyo asilimia tatu uipeleke kwenye hesabu ya bazalti. Unapata baa 60,000, karibu kilomita 200 chini! Ukoko wa dunia pale haufiki hata 50. Nefelini yangu ilikwenda kutafuta nini huko?

Programu za kupiga hesabu hizi zipo: VolatileCalc ya 2002 ilitengenezwa kwa bazalti na rioliti (mwamba wa volkano wenye silika nyingi), basi. VESIcal ya 2021 imekusanya modeli kadhaa pamoja, na ukiweka mwamba ulio nje ya majaribio yaliyotumika kuijenga modeli, inakupa onyo. Watu wanafanyaje? Wanalipuuza onyo, wananakili namba, wanachora mchoro wenye rangi nzuri. Na hapo sijagusa kile kipovu kinachojitokeza ndani ya kitone kikipoa, ambacho huiba sehemu kubwa ya hewa ukaa, na wengi wanapima kioo peke yake kana kwamba kipovu hakipo.

Nimepewa wiki mbili "kuweka namba". Siweki. Kama kuna mdau humu amewahi kuyeyusha nefeliniti maabara kwenye baa elfu kadhaa, anitafute haraka, hata data ambayo hajachapisha nitaipokea kwa mikono miwili. Na wewe unayekuja kunieleza mfano wa chupa ya soda, nakuomba upite tu.