Nimeshusha jarida zima usiku mmoja, chuo kizima kimefungiwa. Kosa langu liko wapi?

Kijana_wa_Chumbageni
Wakuu habari za jioni. Nasoma masters, niko home Tanga naandika disatesheni ya mambo ya mkonge, sasa juzi nikasema bando la usiku lisipotee bure, nikaingia maktaba ya chuo kwa pasiwedi yangu nikatega programu inishushie jarida moja matoleo yote, nikalala zangu. Asubuhi akaunti imefungwa na washkaji wa hosteli wananipigia eti hata wao walioko chuoni halifunguki. Kwani si chuo kimelipia? Halafu kuna lingine, mdogo wangu ana steshenari Ngamiani, anataka nimpe makala aprinti awauzie wanafunzi. Sijampa bado.

BiMkutubi
Pole mwanangu. Chuo hakikununua hilo jarida, kimepanga tu, na mpangaji hapangishi wenzake. Mikataba mingi inafanana: soma, shusha makala unazozihitaji, printi nakala yako, nukuu na umtaje mwandishi. Hata mtu wa nje akija akakaa kwenye kompyuta ya maktaba mara nyingi anaruhusiwa kusoma palepale. Ila kukomba toleo zima, kutega mashine, kugawa pasiwedi, kumwaga PDF kwenye grupu la WhatsApp, kuuza, hapo umevunja mkataba.

Na wenzako wamefungiwa kwa sababu ukiwa nyumbani unapitia proksi ya maktaba, yaani kompyuta ya chuo inayokuombea makala kwa niaba yako, kwa hiyo kule kwa mchapishaji wewe huonekani, inaonekana anwani ya IP ya chuo (namba inayokitambulisha mtandaoni), na wakiona inavuta mamia ya makala kama kisima kimepasuka wanakata anwani yote. Waandikie wakutubi leo leo, taja saa uliyoanza na programu uliyotumia. Logi, yaani kumbukumbu za nani aliingia na saa ngapi, wanazo, wanakujua tayari, lakini ukianza wewe wanakuwa na la kumwambia mchapishaji na mara nyingi anafungua.

Waja_Leo_21
Tanga waja leo waondoka leo, wewe ulitaka uondoke na maktaba nzima 😂 Ila mkuu usichukulie poa, Aaron Swartz, kijana mtaalamu wa programu kule Marekani, alishusha mamilioni ya makala za JSTOR, hifadhi ya majarida mtandaoni, kupitia mtandao wa chuo cha MIT, Januari 2011 akakamatwa, akafunguliwa mashtaka mazito. Mi naona walimwonea, ila ndo hivyo.

Mlingano_Boy
Kuhusu dogo, inategemea leseni ya makala yenyewe. Ikiandikwa CC BY, leseni ya Creative Commons inayoruhusu watu kutumia kazi wakimtaja mwandishi, anaprinti na anauza hakuna wa kumgusa, mradi jina la mwandishi na leseni vibaki. Ikiwa na NC ndani yake, biashara hamna. Za bure zipo DOAJ, orodha ya majarida ya bure mtandaoni, na tovuti ya AJOL ina majarida kibao ya Afrika ila angalia sio yote ya bure. Research4Life nayo, mpango wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia, taasisi nyingi za huku wanapata bila kulipa, ila bure ya chuo sio bure ya steshenari, masharti ni yaleyale.

Kijana_wa_Chumbageni
Shikamoo mama BiMkutubi. Nimewaandikia, wamenijibu kwa ukali kidogo, wameniuliza kwani nilitaka makala ngapi hasa. Nikahesabu, kumi na moja.

BiMkutubi
Marahaba. Kumi na moja hata bando la mchana lingetosha.

Kijana_wa_Chumbageni
😂😂 Dogo naye nimemwambia, kanuna.