Kigoma: leseni ya biashara inauliza TIN, haiulizi moshi unakwenda kwa nani!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sifichi.

Nyuma ya nyumba yetu, ukuta kwa ukuta, kuna mtu anakamua mawese na kupika sabuni. Asije mtu kuniambia naonea wivu riziki ya mwenzangu. Bibi yangu kakamua mawese maisha yake yote, na sisi tumesomeshwa na michikichi. Mwanzo jamaa alichochea kwa kuni na makapi ya chikichi, moshi wake tukauvumilia. Kuni zilipopanda bei akahamia kwenye matairi chakavu. Matairi, jamani! Mapipa manne yanachemka toka alfajiri mpaka magharibi, na moshi wenyewe ni ule mweusi mzito, haupandi juu, unatambaa na kuingia ndani.

Juzi mama alianika udaga wa muhogo kwenye mkeka, asubuhi ulikuwa mweupe pe. Saa nane naenda kuuanua, nikapitisha kidole juu yake, kikatoka cheusi kama nimekichovya kwenye wanja. Nikapuliza, masizi hayakuruka. Yamenata, yana mafuta. Madebe mawili tumemwaga. Mdogo wangu ana pumu, dawa yake ya kuvuta iliyokuwa ikikaa mwezi na nusu sasa haifiki wiki tatu. Usiku tunaziba madirisha kwa kanga zilizoloweshwa, na joto hili.

Nilianza kwa mwenyekiti wa mtaa. Akamwita, wakaongea, akarudi kwetu: "Mwanangu, jamaa ana leseni." Nikaenda halmashauri. Idara ya biashara wakasema leseni ni halali na ada kalipa. Nikauliza, wakati anaomba mliangalia anachoma nini? Bomba la moshi lina urefu gani? Jirani yuko umbali gani? Dada wa pale akanijibu kwa upole kabisa kwamba mfumo unataka TIN, uthibitisho wa kodi na mkataba wa pango. Basi. Afya wakanituma mazingira. Mazingira wakasema hilo ni la NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, ila niache barua. Nimeacha, nakala yangu ina muhuri wa mapokezi, wiki ya saba hii sijajibiwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyohiyo inataka halmashauri ziwe na afisa wa mazingira. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zipo tangu 2007. Miradi mikubwa inafanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, sawa. Huyu wa mapipa manne anakaguliwa na nani? Ada yake mmeipokea, basi na moshi wake ni wenu!

England, gereji kubwa za kupuliza rangi magari, hata tanuri za kuchomea maiti, hazifanyi kazi mpaka halmashauri itoe kibali cha hewa, chenye masharti ya kile kinachotoka kwenye bomba. Daftari la vibali liko wazi, mwananchi anakwenda kusoma. Mimi siombi mitambo ya kupimia hewa. Naomba kabla leseni haijatoka afisa mazingira afike, asimame pale uani kwetu, aandike: usichome tairi wala plastiki, bomba lipite paa la jirani, ukikiuka leseni inasimama mpaka urekebishe. Wala sitaki afungiwe. Vijana sita wanakula pale, wawili nimecheza nao utotoni, na wao ndio wanaokohoa kuliko sisi.

Aliyewahi kusukuma jambo kama hili mpaka likaisha, Kigoma au kwingine, aniambie alianzia ofisi gani na barua yake aliiandikaje. Sasa hivi saa tatu asubuhi, pipa la kwanza limeshawashwa na mama ameingiza mkeka ndani.